Gari Lililorudi Tupu

Haya sikusimuliwa, wala sikuwa nimelewa. Mimi ni Msabato wa Myamba, pombe naisikia kwa majirani tu, na kanisani kwetu tunafundishwa kwamba wafu wamelala, hawajui lolote. Kwa hiyo ujue yananitoka kwa shida. Kanisani sijayasema mpaka leo. Wewe nakueleza kwa sababu nimesikia wiki ijayo unapanda ndege ya alfajiri, na umeanza kuuliza njia za bei chee za kufika uwanjani.

Kwanza unijue. Watu wanatutania Wapare kwa ubahili, nasi tunacheka nao. Lakini mimi hata Wapare wenzangu waliniita mkono wa birika. Nalima tangawizi, kila shilingi naijua jasho lake. Nyumbani kiberiti kilikuwepo, lakini nilimtuma mke wangu akaombe moto kwa jirani.

Sasa, binti yetu Nakunda, mtoto wetu pekee, aliolewa Mwanza. Akaugua uvimbe tumboni, akapangiwa upasuaji. Akanipigia akilia. "Baba, njoo nikuone kabla sijaingia. Naogopa." Mumewe akanikatia tiketi ya ndege, inaondoka KIA saa kumi na mbili asubuhi, na upasuaji ni siku hiyo hiyo saa nne. Akanitumia na laki na nusu kwenye simu. "Hiyo ni ya taksi, baba, kutoka Same mpaka uwanjani. Usihangaike na magari ya njiani." Nikasema ahsante sana mwanangu. Unadhani nilikodi taksi? Ile hela nilishaipangia mifuko ya mbolea kabla hata simu haijakatika.

Nikashuka Same na gari la mwisho la jioni. Gesti sikuchukua, nilikaa stendi kwenye benchi, mkoba mapajani. Saa sita usiku nikamsikia dereva mmoja akinywa chai anasema anarudi Arusha na gari tupu. Lilikuwa gari la kusafirishia maiti. Mchana ule lilipandisha marehemu milimani, mazishi yameisha, na yeye anawahi kazi nyingine asubuhi. Nikamfuata. Akataka elfu tano. Nikamvuta mpaka elfu mbili, akacheka. "Mzee, kwa bei hiyo utakaa nyuma. Mbele utingo wangu amelala." Nilifurahi, sikufichi. Nilijiona mjanja kuliko mkwe wangu na ndege yake.

Huko nyuma kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati ni pale jeneza lilipokuwa. Harufu ya marashi na maua yaliyonyauka. Taa hakuna, ni mbalamwezi tu dirishani. Tulipofika Lembeni dereva aliegesha pembeni ya barabara, akasema anapumzisha macho kidogo. Dakika kumi zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima na zaidi. Sikumwamsha. Mtu umemlipa elfu mbili, utamwamsha kwa mdomo gani?

Ndipo nikasikia, "Shikamoo baba."

Kwenye benchi la mbele yangu alikaa mwanamke, amejitanda kitenge mpaka kichwani. Nikaitikia marahaba, nikidhani ni ndugu wa marehemu aliyepanda wakati nasinzia. Akaniongelesha Chasu, Kipare kile cha kwetu milimani kabisa. Akasema ametoka kwao, anarudi Arusha, na simu hana. "Niazime yako, baba, nimpigie mwanangu. Dakika moja tu. Hajui niko wapi."

Niamini, dakika nilikuwa nazo. Kifurushi kilikuwa kinaisha usiku ule ule, nitumie nisitumie. Lakini nikamwambia, "Mwanangu, sina salio." Kwa nini? Mazoea. Mdomo wangu ulikwishazoea kusema hapana kabla moyo haujaulizwa.

Hakunibembeleza. Alinitazama, nikasikia baridi inanipanda kutoka kwenye nyayo. "Haya, baba," akasema taratibu. "Basi hatutasikika wote wawili." Akageuzia uso wake kwenye bati la gari, hakusema tena. Mimi nikafumba macho, nikaomba kimoyomoyo mpaka nikasikia injini inawaka.

Njia panda ya KIA tulifika saa kumi na moja imekaribia. Nikamwambia dereva, "Yule mama huko nyuma hana simu, msaidie."

"Mama gani, mzee?"

Akafungua mlango wa nyuma, akamulika kwa tochi ya simu yake. Mabenchi yote matupu. Akaniuliza mama huyo amevaaje, nikamweleza kile kitenge, na kwamba alitaka kumpigia mwanawe. Akazima tochi, akasema, "Tuliyemzika jana ameacha mtoto mmoja. Yuko bweni Arusha, yumo kwenye mitihani. Ndugu wamekubaliana asiambiwe mpaka amalize."

Akafunga mlango, akaondoka zake Arusha. Na hapa naona aibu kuendelea, lakini nitasema. Bodaboda alikuja, akataka elfu tano mpaka uwanjani, nami, pamoja na hofu yote ile, nikamwambia elfu moja. Akaondoa pikipiki yake. Nikatembea. Ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, na mimi si kijana. Nilifika kumekucha, na dada wa kaunta akaniambia, "Pole baba, tumeshafunga." Ndege niliisikia ikinguruma nikiwa bado nimeshika kitambulisho mkononi.

Nikatoka nje nikakaa chini. Simu ikaita. Alikuwa Nakunda.

"Baba, uko wapi? Wamebadilisha muda, wananiingiza sasa hivi."

Nikamwambia nimechelewa mwanangu, nisamehe, usiogope, Mungu yupo na mimi nakuja.

"Baba? Haloo? Mbona huongei?"

Nikapaza sauti mpaka walinzi wakageuka kunitazama. Walinzi walinisikia. Mwanangu hakunisikia.

"Baba, nasikia unapumua. Niambie hata neno moja."

Kisha simu ikakatika. Nilipopiga, mume wake alipokea, naye akaishia haloo, haloo, akakata. Nakunda hakutoka mzima kwenye chumba kile. Nilikwenda kumzika kwa basi, na nauli niliitoa kwenye ile laki na nusu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha simu mara tatu na laini mara mbili. Ni bure. Uso kwa uso naongea vizuri, kama hivi unavyonisikia, lakini kwenye simu watu wanasikia pumzi tu. Mkwe wangu alikuwa kando ya kitanda simu ile ilipopigwa. Anaamini nilinyamaza kwa makusudi, na mimi namna ya kumtoa kwenye imani hiyo sina. Yule dereva nimemtafuta Same nikamtafuta Arusha, anielekeze shule ya mtoto wa yule mama, niende mwenyewe nikamwambie kwamba mama yake alitaka kumpigia. Sijampata.

Wewe unataka gari la kukufikisha uwanjani kwa bei ya bure. Yapo, na ukikaa stendi usiku utayaona. Nakusihi, kodi gari kama wenzako, ufike mapema, ukae hapo usubiri. Na mtu akikuomba simu njiani, mpe, usimuulize anampigia nani. Ukishafika huko mpigie mama yako umwambie, naye ataniletea salamu hapa nyumbani. Mimi usinipigie. Utasikia pumzi tu.