Mkeka wa Boga

Mwaka jana boga langu liliniaibisha. Lilikuwa kubwa hata mume wangu hakuweza kulizungushia mikono, nami kwa mdomo wangu mrefu nikaalika mtaa mzima wa hapa Kinondo waje wachukue vipande vya futari ya siku ya kwanza ya Ramadhani. Wakaja, kila mmoja na sufuria yake. Nikalipasua. Juu lilikuwa zuri. Chini, lilipolalia udongo mbichi tangu mvua za vuli, lilikuwa uji wenye funza. Wanawake wakaondoka na sufuria tupu na kisa cha kusimulia hadi Msambweni.

Safari hii niliapa boga halitagusa udongo. Nilianza na makuti, yakaleta mchwa. Mume wangu, anayefanya kazi hotelini Diani, akaniletea godoro kuukuu la kuotea jua, zuri kuliko letu. Mvua moja tu likanywa maji yote. Akapendekeza mchanga wa pwani. Nikamwuliza kama anataka boga au ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi.

Ndipo nikaukumbuka mkeka uliokuwa juu ya kabati la mavyaa, mama wa mume wangu, aliyekuwa amekwenda Wasini kwa bintiye. Ulikuwa mpya, umefungwa ndani ya shuka jeupe. Nikajiambia ni wa wageni wa heshima, na mgeni wa kulishinda boga lile sikumwona. Nikatandaza vifuu, mkeka juu yake, tukalinyanyua boga taratibu tusikivunje kikonyo. Shuka nikalifunika nalo, jua lisilichome. Kila asubuhi nilipenyeza mkono chini: pakavu.

Mavyaa akarudi wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kuliona boga alilosikia sifa zake. Akainama, akapapasa ukingo wa mkeka.

"Mwanangu, mkeka huu umeutoa wapi?"

"Juu ya kabati lako, mama."

"Na hilo lililolifunika?"

"Shuka lake."

"Hiyo ni sanda yangu. Na huo ndio mkeka wa kunipeleka kaburini. Nimeushona kwa mikono yangu."

Bibi yangu mzaa mama naye aliweka sanda yake sandukuni, kama wazee wengi wa huku, na bado sikung'amua. Nikaanza kuomba radhi. Mavyaa alilitazama boga, limelazwa, limefunikwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi limenitangulia," akasema. "Mbona hamkulitia kafuri ya maiti?"

Tulilipasua siku ya kwanza ya mfungo. Chini palikuwa kama juu, na sufuria zote zikajaa.

Sanda nyingine tulimnunulia. Mkeka mwingine akasema ataushona mwenyewe, na hafi mpaka uishe. Anashona kila alasiri barazani, kwa miwani iliyofungwa uzi. Sasa umebaki kama mkono mmoja, na mimi naogopa. Nampenda bibi huyu kuliko nilivyowahi kumwambia, na sitaki aumalize.

Jana nilipanda mbegu tatu. Nikaenda kumwambia kwamba maboga yakikua yatahitaji pa kulala, na mkeka wake naona hautayatosha yote.

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akaushika uzi wa mwisho, akaukata.

"Basi wacha niufumue," akasema. "Nianze mpana zaidi."