Mashine Mpya, Mwandiko Wangu

Mjomba wangu alinunua kompyuta mpya kwa hofu tu. Alikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa mjini Moroni, nami nilikuwa mchapaji wake, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka tangu apate kiharusi na hata kalamu ilimshinda. Wakala aliyemuuzia mashine ya kwanza alimwambia kwamba kampuni inayozitengeneza imeachana na prosesa za zamani na sasa inatia za aina nyingine kabisa. Asiyehama atabaki na sanduku lisilo na vipuri. Mjomba akahama. Ile ya zamani tukampelekea dada yangu, aliyekuwa akichapa barua za watu huko Hombo, Mutsamudu.

"Programu zako zote zitafanya kazi," wakala alisema. "Mashine hii hujifanya ile ya kale, hutajua tofauti."

Nilijua siku ya kwanza. Programu za Kifaransa zilikwenda kwa kujikokota. Ile ya herufi za Kiarabu, tuliyoitumia kuchapa Kikomori kwa ajili ya wazee waliosoma chuo cha Kurani tu, iligoma kabisa. Ukiifungua, kioo kinaganda. Mjomba akasema tutaishughulikia msimu wa harusi ukiisha.

Kabla haujaisha, mamluki wakarudi. Wazungu wale niliwajua tangu utoto wangu, na tulidhani wameshaondoka. Asubuhi moja redio ilipiga muziki mtupu, simu zikafa, ndege zikakatazwa, na jirani akaja kutuambia rais ameshikwa.

Dukani kwetu alikuja mzungu mmoja na askari wa hapa hapa kwetu. Mzungu alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitisha zaidi. Alitaka tangazo la kuwaamuru watu watii, kwa Kifaransa, na kwa Kikomori cha herufi za Kiarabu, libandikwe kwenye milango ya misikiti kabla ya sala ya Ijumaa.

"Kazi hiyo hatufanyi," mjomba akasema.

Wakamtia garini. Mzungu akanigeukia. "Atarudi matangazo yakiwa tayari, madamu."

Askari akabaki mlangoni na bunduki yake. La Kifaransa nililimaliza upesi. La pili nilijaribu, kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha, kikaganda tena. 

"Unachelewesha makusudi," askari akasema.

Nikamweleza kwamba kampuni imebadilisha prosesa, na programu hii iliandikwa kwa ajili ya ile ya zamani.

"Yaani mashine mpya inashindwa na kazi ya mashine kuukuu?"

"Ndiyo."

"Hayo kamwambie mzungu."

Mashine iliyoiweza kazi ile ilikuwa Mutsamudu, katika kisiwa kingine, na sikuwa na njia ya kuifikia. Nikachukua kalamu.

Naomba nieleweke. Herufi za mashine hazina mwenyewe. Mwandiko wangu ulijulikana mtaa mzima, kwa kuwa wanawake niliowaandikia barua kwa waume zao walioko ng'ambo hawahesabiki, na herufi yangu ya kaf ina mkia mrefu ambao fundi, mwalimu wangu wa chuoni, alinivutia sikio kwa ajili yake. Na kwetu mtu aliyeusaliti mji hapigwi. Hutengwa. Hasalimiwi, harusi yake haihudhuriwi, na akifiwa huzika peke yake. Mzungu angeondoka siku moja, majirani wangebaki. Niliziogopa pande zote mbili, na nilijaribu kuufupisha ule mkia, lakini mkono uliotishika hufanya ulichozoea. Nikaandika, nikatoa kopi, nikampa askari.

Mjomba alirudi jioni bila kofia yake. 

Siku chache baadaye askari wa Ufaransa wakaja, mamluki wakachukuliwa. Watu walifurahi. Mimi sikulala, maana sasa ilikuwa zamu ya mji kuuliza. Na kweli, baada ya sala ya alasiri, wakubwa wa mji walikaa kwenye bangwe, uwanja wao wa mashauri, chini ya dirisha letu. Nilisimama nyuma ya pazia. Mkubwa wao alikuwa na ile karatasi.

"Nani aliyeandika?" akauliza.

"Mimi," mjomba akasema.

Mkubwa akampa karatasi, mjomba akaipokea kwa mkono wake wa kulia, ikatetemeka mkononi mwake hata nikaisikia kule juu. Watu wale wote waliutazama ule mkono. Wengi wao ndio waliokuwa wakimshikia kikombe cha kahawa kila siku.

"Basi tumekujua," mkubwa akasema. Wakamtoza ng'ombe, na kumtenga mpaka atakapomtoa.

Kompyuta mpya iliuzwa ili ng'ombe apatikane. Siku ilipobebwa, mjomba aliketi kwenye meza tupu, akaniambia nimwandikie dada yangu aturudishie ile ya zamani. Nikavuta karatasi, nikaanza kuandika kutoka kulia kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyoandikiana siku zote, na kaf ya kwanza ikatoka na mkia wake mrefu.

Mjomba akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Mwandikie kwa Kifaransa," akasema.