Kilemba cha Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bisibisi na fungu la funguo, nikaambiwa nimfuate Mkuu wa Majengo. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa nyumba katika shirika moja la umma lililokuwa na nyumba za watumishi Area D, nami nilidhani kazi ya karani ni ya kukaa mezani. Mkuu wa Majengo hakuwa mtu wa meza. Alinipeleka kwenye nyumba ambayo mhasibu mmoja alikuwa anahama. Kitanda chake cha mninga kilikuwa kimekwama mlangoni. Fundi alikuwa amekiunda humo humo chumbani, na mlango haukukitosha.

"Haya, binti," Mkuu akaniuliza. "Tukate kitanda au tuvunje fremu?"

"Sijui, mzee."

"Vyovyote vile, atalipa huyu baba. Watu wakihama hupigia hesabu gari tu. Gari ndilo jambo jepesi kuliko yote."

Kazi ile iliitwa kukabidhiana nyumba. Unafungua kila koki, unajaribu kila kitasa, unatazama vioo vya madirisha, na kilichoharibika kinamwangukia anayetoka. Lakini mengi hayakuwa ya bisibisi. Hapa kwetu Dodoma huhami na maji yako. Umepanga foleni bombani hadi mapipa yamejaa, siku ya kuhama unamwachia jirani, unafika mtaa mpya mapipa yakilia debe tupu na hujui zamu ya bomba ni lini. Muuza duka aliyekuwa akikukopesha sukari umemwacha kule. Mpya hakujui, na hana sababu ya kukuamini. Hayo nayo ni gharama, hata kama hayana risiti.

Baadaye nilihamishiwa Chemba, kwenye ghala la shirika, kuwatafutia watumishi vyumba vya kupanga. Mkuu wa Kituo alikuwa mkali kama pilipili kichaa, ila alinifundisha kuzungumza na wenye nyumba kwa heshima: uanze na mvua, uende kwa mifugo, kodi iwe mwisho. Ndipo likaja soko huria. Tulisikia neno ubinafsishaji redioni kabla hatujalielewa, na tulipolielewa tulikuwa tumeshapunguzwa kazi. Nyumba za Area D ziliuzwa na waliokuwa ndani wakaambiwa watoke. Nilirudi Dodoma sina kazi, nikajiunga na madalali wa nyumba pale kijiweni kwao, karibu na soko. Nilikuwa mwanamke peke yangu.

Najua mnatuita matapeli. Wamo, sikatai. Lakini mkinitia na mimi kapu hilo, tutagombana.

Mwenyekiti wa madalali alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno matamu. Yeye ndiye aliyenifundisha kilemba. Mpangaji akishakubaliana kodi na mwenye nyumba, anatakiwa kutoa fedha nyingine pembeni ili tu afunguliwe mlango. Hairudishwi, haihesabiwi kwenye kodi, na mwenye nyumba hugawana na kijiwe.

"Ndiyo heshima ya nyumba, mama," aliniambia. "Mji umefunguka. Asiye na kilemba arudi kwao."

Ndipo akaja Tatu, muuguzi mjane mwenye watoto, mmoja wa wale waliotolewa kwenye nyumba zilizouzwa. Mnunuzi wa nyumba hiyo alikuwa ameshang'oa mlango wa jiko ili kumharakisha. Tatu alikuwa na fedha ya kodi na ya gari. Kilemba hakuwa nacho, na kila nyumba tuliyokwenda tulikwamia hapo hapo. Alianza kuzungumzia kuwagawa watoto kwa ndugu, huyu Kondoa, yule Singida. Alilisema hilo huku akitazama pembeni.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Mzee Ndahani, mfugaji wa Kigogo wa Msalato, aliyeuza ng'ombe akajenga pembezoni mwa Area D. Hakuwahi kupangisha. Mwenyekiti alinituma nimwandae kabisa, akiamini kuwa Tatu akibanwa atakopa. Nikaenda. Tulianza na mvua, tukaenda kwa mifugo, halafu nikasema kama nilivyotumwa, "Mzee, huyu mama ataleta kodi, na kilemba pia."

Mzee Ndahani akatabasamu. "Kilemba? Basi aje Jumamosi. Niwaite ndugu zangu."

Nikafikiri anataka mashahidi. Jumamosi tulipofika, mimi, Tatu na watoto wake, tulikuta wazee wamepangwa kwenye vigoda, mbuzi yuko jikoni, na mjukuu wake wa kike amefungiwa chumbani anachungulia.

"Mbukwenyi," wakatuamkia. Tukaitikia, tukakaa.

"Sasa," Mzee Ndahani akasema, "bwana harusi ni yupi?"

Tatu akanitazama. Nikatazama chini. Ndipo nilipoelewa: kwao, na kwa kweli kwetu sote, kilemba ni cha posa. Mama hupewa mkaja, baba au mjomba huvikwa kilemba. Mzee alikuwa akimtazama mtoto mkubwa wa Tatu, aliyekuwa bado shule ya msingi na kamasi zake.

"Mzee," nikasema, "si posa. Ni kilemba cha nyumba."

Nilimweleza jinsi kinavyolipwa. Wazee wengine walicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

"Kilemba huvikwa anayeozesha. Mimi hapa naozesha nini? Bati? Mama huyu alete kodi yake. Hicho kingine sikivai. Na mbuzi keshachinjwa, tuleni."

Tatu alilia akiwa na nyama mkononi.

Siku ya kuhama, Mwenyekiti alitutangulia getini. Wapakizi walikuwa watu wake. Gari liliposimama aliwaambia, "Mzigo haushuki mpaka kilemba kilipwe."

"Mwenye nyumba amekataa," nikasema.

"Kijiwe hakijakataa."

Wapakizi wakakaa kivulini. Dereva akasema atageuza. Watoto walikuwa juu ya magodoro, na Tatu alimshika dereva mkono akimsihi. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda juu ya gari.

"Ukigusa godoro hilo," Mwenyekiti akasema, "kijiweni usikanyage tena."

Nililishika nikamtupia miguuni. Nilikuwa nimekasirika hata sikuogopa. Mzee Ndahani alikuja na wajukuu, akina mama wa jirani wakafuata wakiwa na mikono ya unga, kitanda kikashuka, meza ikashuka, na wapakizi wawili wakaona aibu wakainuka kusaidia. Watoto wa Tatu walilala nyumba moja.

Kijiwe walinifukuza kweli. Waliwaambia wenye nyumba kwamba mimi ni mwizi, na yako majumba sikufunguliwa tena. Nilitembea kwa miguu hadi Msalato kutafuta wenye nyumba ambao hawajaambiwa. Kila mpangaji nilimwambia yote kabla hajafunga hata sufuria: kodi, ujira wangu, maji, fremu ya mlango. Wengine waliogopa wakaghairi kuhama. Sawa, ni haki yao. Niliifanya kazi hiyo hadi magoti yalipokataa.

Siku hizi kilemba kimebadilishwa majina, kinaitwa ada ya usumbufu, kinaitwa ada ya kuonyeshwa nyumba. Juzi kijana wa jirani yangu, dalali wa simu, alinijia kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi. Hivi kweli ulikuwa huchukui kilemba?"

"Marahaba. Sikuchukua."

"Sasa ulikuwa unakula nini?"

Nikainuka kitini, polepole kwa ajili ya magoti, nikasimama mbele yake.

"Nitazame vizuri, mjukuu wangu. Nimekufa njaa?"