Gofu Chini ya Migomba

Uongo wenyewe niliutoa siku ya tatu ya uchumba. Nilikuwa nimerudi Nyabiyonza kutoka Dar, nimevaa fulana nyeupe yenye kola, nanukia sabuni ya mjini. Binti niliyemchumbia akaniuliza kule nilikuwa nafanya nini. Nikajibu bila hata kukohoa: "Nilikuwa nacheza gofu na wakubwa."

Ukweli ni kwamba kwa miaka sita nilikuwa nakata nyasi za uwanja wa gofu. Mchezo niliujua kwa macho tu. Lakini binti alikuwa mzuri, na kijana mwingine aliyekuwa akimzungukia alikuwa na pikipiki. Ningefanyaje, jamani?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka ishirini na miwili. Tukaoana, tukalima kahawa na migomba, tukazaa, na gofu ikabaki neno la kujisifia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwaka jana binti yetu wa kwanza akapata mchumba kutoka Bukoba. Wazazi wa kijana walipokuja kujitambulisha, baba yake, ofisa mstaafu, akataja kwamba siku hizi anacheza gofu.

Mke wangu akadakia kabla sijameza ndizi iliyokuwa mdomoni. "Mume wangu naye! Alicheza sana huko Dar."

"Kumbe!" mzee akafurahi. "Basi nikirudi mwezi ujao kwa mambo ya mahari nitabeba fimbo zangu, tupige kidogo pale rweya."

Rweya ni ile nyika ya majani matupu juu ya kijiji, tunakochungia ng'ombe. Nikacheka na wageni, lakini kwa woga. Sikuogopa kukosa mpira. Hata wakubwa wa Dar walikuwa wanaukosa, nimewaona. Niliogopa uso wa mke wangu siku atakapojua kwamba mume aliyemjivunia mbele ya wakwe ni mwongo.

Basi nikaona dawa ni moja: nijifunze ndani ya mwezi mmoja, uongo ugeuke kweli.

Fimbo ya dukani sikuwa nayo wala sikujua duka lake. Nikang'oa mbuni mzee ulioacha kuzaa kahawa, wenye mzizi uliopinda vizuri, nikauchonga kwa panga na kuusugua kwa kipande cha chupa mpaka ukang'aa. Mipira nilisuka kwa majani makavu ya mgomba, kama watoto wanavyosuka mpira wa miguu, ila yangu ilikuwa midogo kama ndimu. Mbele ya ninapopigia nikatundika mkeka wa zamani wa kuanikia kahawa, uzuie ile inayopotea. Sikutoa hata senti.

Mahali pa kupigia palikuwa kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, na mke wangu akaweka sheria: nisichane jani, nisiguse mkungu. Siku ya pili nikapandisha fimbo kwa mbwembwe, ikagonga mkungu mchanga.

"Mawe, mama yangu wee! Mkungu wangu!" akapiga kelele kutoka jikoni. "Hiyo gofu ya Dar ilikuwa inaua migomba?"

Kuanzia hapo nikawa napiga chini chini, nimejikunja.

Sasa sikia kosa langu. Gofu inataka shimo. Asubuhi moja mapema nikachimba katikati ya uwanja wa nyumba, nikazika kikombe cha plastiki, mdomo juu, nikakifunika kwa jani ili kuku wasichezee. Nikiwa bado nimechuchumaa, bibi jirani akapita na ndoo yake. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaongeza mwendo.

Mtu mzima, alfajiri, peke yake, anazika kitu uwanjani kwake na kukifunika kwa jani! Kwetu huyo haulizwi, anaombewa. Kabla ya saa sita mzee wa kanisa alikuwa uani kwangu na Biblia, bibi jirani na akina mama wawili nyuma yake.

"Tumesikia umezika kitu," akasema mzee.

Nikafunua. "Ni kikombe."

"Kina nini ndani?"

"Hakina kitu."

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo," akasema bibi jirani.

Ikabidi nichukue fimbo na kuwaonyesha. Kwa bahati mpira ukaviringika, ukatumbukia. Mzee wa kanisa akauangalia, akavua koti, akaomba ajaribu. Akakosa mara saba na kununa kabisa. Waliondoka baada ya chai ya pili, na maombi yalifanyika hata hivyo, kwani hasara iko wapi?

"Mmeona?" mke wangu aliwaambia akiwasindikiza. "Huyo ndiye mtu aliyezoea."

Niliumia. Nilitaka kumwambia pale pale, lakini aibu ikanifunga mdomo.

Siku ikafika. Wakwe wakala, mazungumzo yakaenda salama, tukapanda rweya sote. Mzee wa Bukoba akapiga wa kwanza. Mpira ukaenda juu, mzuri, ng'ombe wakainua vichwa. Kisha akanikabidhi fimbo, ya chuma kweli. Nikasimama. Binti yangu alikuwa ananitazama kwa furaha, na mama yake kando yake. Nikaona kwamba nikipiga vizuri hapa, ndiyo basi, nitazikwa na uongo wangu.

"Mkwe wangu, nisamehe," nikasema. "Sijawahi kucheza. Nilikuwa nakata nyasi."

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe ulikuwa unazikata, mimi nazing'oa! Piga tu, bwana."

Lakini mimi nilikuwa namtazama mke wangu. Alikuja mpaka karibu, akasema kwa Kinyambo chetu, kwa sauti ya chini, wakwe wasisikie.

"Kaka yangu alikuwa dereva Dar. Aliniambia kabla hujaleta hata mbuzi mmoja."

"Ulijua? Sasa ulinisifu kwa wageni kwa nini?"

"Miaka ishirini na miwili nakungoja useme, waitu, mwenzangu. Nikaona nisipokusukuma mbele ya watu, hutasema mpaka ufe." Akaniweka sawa kola ya shati. "Mimi nilimkubali mkata nyasi. Huyo mcheza gofu wako simjui."

Akarudi kusimama na binti yetu. Wageni walikuwa wanangoja. Mpira sikuuona vizuri, macho yalishajaa maji, nikapiga hivyo hivyo.