Tairi la Nyuma la Muuza Maziwa

Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya mpunga ya Ahero, muuza maziwa husimamisha baiskeli mbele ya kibanda changu na kuminya tairi la nyuma. Huliminya polepole, kichwa chini, mdomo umefunikwa kwa skafu ya sufu. Mimi ni fundi wa baiskeli, najua tairi lile halina kasoro. Ninachosikia ni kifua chake kikipiga mluzi kwa ile baridi. Basi mimi huchukua pampu na kujaza upepo kidogo kidogo, mpaka mluzi unyamaze. Hatuongei sana. Zamani aliita "Maziwa!" kila kona, siku hizi hupiga kengele tu. Mara moja nilimtajia habari ya daktari. Aliangalia barabara kwanza, kisha akasema, "Fundi, wateja wakisikia nakohoa watasema ni TB. Nani ataniletea sufuria yake?"

Leo amekuja kwa miguu, akiikokota baiskeli, mitungi bado imejaa. Nilipoinama na pampu alinishika bega. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Wacha, fundi," akasema. "Tairi ni zima."

Kisha akakaa chini.