Pampu Isiyonguruma

Jina la Mzee Vigae halikutolewa na mtu. Lilimshika lenyewe, kama vumbi la saruji linavyoshika nywele. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kupachika vigae kwenye mabwawa ya kuogelea ya wenye nazo. Alipozeeka akajichimbia lake dogo nyuma ya nyumba, akalivika masalia ya kazini, huku buluu, kule kijani, ilimradi maji yasivuje. Majirani walicheka wakachoka. Siku hizi binti yake alifundishia humo watoto kuogelea, na riziki ya nyumba nzima ilitoka majini.

Kisukari kilimwingia machoni polepole. Kwanza mzee alilaumu miwani, kisha balbu, kisha wanaochapa magazeti. Mwaka huu hakubaki mtu wa kulaumiwa. Giza lilikuwa limefunga kabisa, na aliyelijua ni yeye na Mola wake tu. Mkewe alidhani bado anaona kidogo kidogo. Binti naye alikwisha kusema, kwa upendo kabisa, "Baba, siku macho yakikataa, hutoki nje peke yako. Maji hayana huruma."

Neno hilo lilimkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki. Alishamwona baba yake mzazi akimaliza uzee kwa kushikwa mkono, toka kitini hadi chooni. Akaapa kimoyomoyo kwamba yeye, hapana.

Basi kila asubuhi alitoka kwa mlango wa jikoni, akapita kando ya bwawa, akafika kibandani kwake nyuma, alikokaa na patasi zake na kikombe cha chai. Aliyemfikisha ni pampu. Ile pampu ya zamani ilinguruma pembeni mwa bwawa kama lori linalopanda mlima. Akiisikia begani kulia, yuko njiani. Ikianza kumjia usoni, ameelekea majini, anavuta mguu kushoto. Ngurumo ile ilikuwa fimbo yake, na hakuna aliyejua.

Lakini pampu hiyo ilikula umeme kama mchwa anavyokula mlango. Binti akamwita fundi.

"Dada, hii si pampu," fundi alisema akiigonga na bisibisi. "Huyu ni shemeji aliyekuja kutembea. Anakula, anapiga kelele, na kuondoka haondoki!"

"Waache shemeji zangu wapumzike!" mama wa nyumba alidakia kutoka jikoni, na wote wakacheka.

"Sasa ziko mbili," fundi akaendelea. "Moja ni kama hii, mpya tu. Haijui kutembea, ama inakimbia ama imelala. Nyingine unaipangia mwendo. Unaiacha ijikokote kutwa, maji yanapita kwenye chujio taratibu, yanatakata vizuri. Ukipunguza mwendo nusu, umeme haushuki nusu tu, unashuka mbali sana. Bei yake itakuuma siku moja. Ile nyingine itakuuma kila mwezi."

"Na kelele?" Mzee Vigae aliuliza.

"Kelele? Mzee wangu, mpaka uilalie sikio ndipo ujue ni hai."

"Mungu ashukuriwe!" mkewe akasema. "Na sisi tutasinzia mchana kama watu."

Binti akamgeukia mzee. "Baba, bwawa ni lako. Unasemaje?"

Neno lilimfika mdomoni. Mwanangu, niachie ya kelele. Lakini angeulizwa kwa nini, na jibu lake lingemfungia mlango. Tena alisikia uchovu katika sauti ya mtoto wake, ambaye kila jioni aliiendea mita ya umeme kama mtu anayemwendea mgonjwa.

"Chukua ya kimya," alisema. "Ndiyo yenye akili."

"Si mnaona? Baba ndiye fundi!" binti alisema kwa furaha.

Pampu mpya ikafungwa, na ya zamani ikabebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Asubuhi yake mzee akasimama mlangoni pa jikoni, akasikiliza. Alisikia kifuniko cha sufuria. Alisikia watoto wa somo la kwanza wakigombania taulo. Pampu hakuisikia. Angeweza kurudi ndani. Angeweza kuita. Akamwomba Mungu amwongoze, akaona sauti za watoto zitamfaa, maana siku zote walikaa kwenye benchi la upande wa kushoto. Akazifuata.

Siku hiyo watoto walikuwa wamesimama ng'ambo ya maji.

Alipozuka kutoka majini, mikono ilipapasa ukuta, na vidole vikasoma maungio aliyoyajaza mwenyewe, vikamwambia yuko upande wa kina kifupi. Akasimama, maji kifuani. Watoto wakapiga makofi. "Babu kaoga na viatu!"

"Nimeona joto," alisema, akajaribu kucheka nao.

Binti alijitosa na nguo zake, akamjia mpaka karibu. Akamtazama machoni.

"Baba, hivi ni vidole vingapi?"

"Acha utoto."

"Vingapi, Baba?"

"Vitatu."

Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, mbona hujainua mkono?"

Binti akaanza kulia. "Kumbe uliuliza kelele kwa sababu ulikuwa unafuata ngurumo! Kwa nini hukusema, Baba? Fundi alikuwa hapa hapa. Ningechukua ya kelele, umeme ningeutafuta!"

"Ndiyo maana sikusema."

Hakuna aliyemgombeza. Mchana komeo likapigiliwa mlangoni pa jikoni, juu kabisa, mkono wa mzee usikofika. Mkewe alimletea chai ndani, akamfunika mabega. "Mungu amekuokoa, mzee wangu. Shukuru."

"Nashukuru," alisema, na alimaanisha.

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu, akakaa kitini, akangoja mtu mwenye nafasi ya kumshika mkono.