Mnana Juu ya Kisima

Juzi nilikuwa katika ofisi ya kijiji kimoja upande wa Ubaruku, nikisubiri muhuri wa barua ya shule. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anabishana na bwana shamba. Mgunga ulioinamia kisima cha mama huyo ulikuwa umejaa ndege, na bwana shamba alikuwa anaandika ombi la kuunyunyizia sumu.

"Kwelea kwelea hao, mama. Watamaliza mpunga."

"Usiandike kwanza." Akachomoa simu kwenye pindo la kanga, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Kwelea kwelea mdomo wake mwekundu. Wa huyu mweusi, na kifua cha njano. Hawa ni mnana, wanasuka viota vyao tu. Unitilie sumu kwenye maji kwa ajili ya mnana?"

"Huyo ni mmoja."

"Wengine hawa hapa." Akatelezesha kidole, picha baada ya picha, mpaka bwana shamba akavua miwani.

"Hayo yote umesomea wapi?"

"Uani, nikianika nguo."

Bwana shamba akaichana karatasi. Mama akatoka kifua mbele.

Mimi nami naanika nguo chini ya ndege kila siku. Nilichowahi kuchunguza ni mavi yao kwenye mashuka.